Fulana za Bibi Eula

Siku hizi vijana wanaochezea timu za vyuo wanalipwa. Nawaona kwenye televisheni wakitangaza magari, kuku wa kukaanga na vinywaji vya kuongeza nguvu, majina yao chini kwa herufi kubwa, na mabwana wa suti wanaizungumzia habari hiyo kana kwamba wao ndio walioigundua haki. Siwaonei wivu watoto wale. Wale chao, ni jasho lao. Ila nikiwaona huwa nazima televisheni, na mke wangu amezoea, haulizi tena.

Mimi ni Clovis Narcisse, fundi mitambo katika kiwanda cha sukari hapa Louisiana. Ninayoyasimulia yalitokea mwaka aliofariki mama yetu, kabla sheria iliyowakataza wachezaji wa vyuo kulipwa haijabadilika. Mama aliitwa Eula. Kanisani yeye ndiye aliyesimama mlangoni kupokea watu, sare nyeupe na glavu nyeupe, na ukichelewa ibada alikukazia macho mpaka ukatubu kabla mchungaji hajafungua kinywa. Ndiye aliyemlea Javaris, mtoto wa dada yangu Verna, maana Verna alikuwa zamu za usiku hospitalini akifua mashuka ya wagonjwa. Bibi na mjukuu walikuwa chanda na pete. Hata sisi watoto wake wa kuzaa tulijua nani anapewa mapaja ya kuku.

Javaris alicheza mpira wetu, ule wa kushika mkononi na kugongana vichwa, katika Chuo cha Belrose. Jezi ya kijani, namba tisa. Picha yake ilibandikwa kwenye ukuta wa nje wa uwanja wao, ndefu kuliko kanisa letu pamoja na mnara wake, na katika duka la chuo jezi namba tisa ndiyo iliyonunuliwa kuliko zote. Mgongoni haikuwa na jina. Namba tu, ili asitokee mtu wa kuuliza ni ya nani. Yeye alipewa masomo, kitanda na chakula, na akaambiwa ashukuru. Alishukuru. Kijana alikuwa na adabu, alilelewa na Mama.

Sote tulijua mambo yalivyokuwa. Msimu ule ulikuwa wake wa tatu. Ukiisha salama angeingia ligi ya kulipwa, na Verna angeacha kuvuta mikokoteni ya mashuka yenye damu. Mechi zilizobaki zilikuwa chache, na ndizo zilizokuwa zikitazamwa na watu wanaochagua wachezaji. Akisimamishwa, wangehamia kwa kijana mwingine kabla ya chakula cha mchana, maana vijana wanaojua kukimbia nchi hii hawana upungufu. Tegemeo la nyumba nzima lilikuwa kwenye magoti ya mtoto mmoja, na tulimwombea magoti hayo kila Jumapili bila kuona haya.

Mama akafariki Novemba, katikati ya mavuno ya miwa.

Kwetu mtu hazikwi bila fulana. Sura yake kifuani, tarehe zake mgongoni, mawingu nyuma yake, na njiwa wawili pembeni, kwa sababu mchapaji wetu ni Shantrice na Shantrice hajawahi kuchapa fulana ya msiba bila njiwa. Wanaozinunua ni ndugu, majirani na waumini, na kinachopatikana kinasaidia kumsitiri marehemu. Hata maskini wa kutupwa mtaani kwetu anazikwa na watu waliovaa uso wake. Tajiri ana kaburi la marumaru, sisi tuna fulana.

Picha aliichagua Javaris mwenyewe. Alimtumia mama yake kwenye simu, akamwandikia, "Hii, Mama. Hapa anacheka." Ilipigwa barazani kwetu. Mama amekaa na sare yake nyeupe, Javaris amepiga goti ubavuni mwake na jezi yake ya kijani, na mkono wa Mama wenye glavu umemkaa begani. Mama hakuwa mtu wa kucheka mbele ya kamera. Aliona ni utovu wa heshima, kama kutafuna ubani kanisani. Siku hiyo alicheka kwa sababu Javaris alimnong'oneza jambo, na mpaka leo hajatuambia ni jambo gani.

Kosa, kama mnalitafuta, lilianzia hapo Shantrice alipoiweka fulana mtandaoni. Hakuwa na nia mbaya. Ndivyo anavyofanya kwa kila msiba, ili jamaa walioko Houston na Chicago waagize mapema. Akaandika, "Fulana za Bibi Eula wetu na Javaris wetu." Ndugu wa Chicago wakaagiza. Kisha wakaagiza watu ambao si wa Chicago wala si ndugu.

Nilikuwa pale dukani kwake, nyuma ya dobi, alipoingia bwana mmoja na kofia ya kijani ya Belrose. Gari aliliacha linanguruma nje. Akaishika fulana, akaigeuza, akaitazama kwa mbali na kwa karibu.

"Kazi nzuri sana," akasema. "Hivi mnaweza kunichapia moja bila huyu bibi?"

Shantrice akanitazama. Mimi nikamtazama yule bwana, nikidhani labda atajirudi mwenyewe.

"Naongeza pesa," akasema. "Nataka kijana peke yake tu. Huyu bibi simjui."

"Huyu bibi ni mama yangu," nikamwambia. "Yuko kwenye jokofu la maiti kwa Fontaine, mtaa wa pili. Nikupeleke mjuane?"

Akaomba radhi, uso umemwiva, na kwa aibu akanunua ile ile yenye Mama. Shantrice akaipokea pesa yake. Nilimkasirikia. Akanijibu kwamba sanduku la kuzikia halinunuliwi kwa hasira, na alikuwa sahihi, nami sikupenda awe sahihi.

Alhamisi, siku moja kabla ya mazishi, akaja mtu wa chuo. Aliitwa Bwana Pruitt, kutoka ofisi yao ya kanuni za michezo. Mtu mpole, mwembamba, viatu safi. Alitukuta nyumbani kwa Verna tumezungukwa na vyakula vya majirani: sufuria za maharage mekundu, mchuzi mzito wa gambo, trei za makaroni na jibini. Javaris alikuwa amefika asubuhi. Shantrice alikuwapo, na Shemasi Hollis pia, ambaye ana bendera ya Belrose kwenye baraza yake na angezikwa nayo kama mkewe angemruhusu.

"Poleni sana na msiba," Bwana Pruitt akasema. "Nimesikia alikuwa mwanamke wa pekee."

Verna akampa chai ya barafu na sahani. Kwetu hata mtoza kodi hupewa sahani.

Akala kidogo, akafuta midomo, akaanza. Chuo kimepata malalamiko. Kuna bidhaa inauzwa mtandaoni yenye sura ya Javaris, jezi ya Javaris na namba ya Javaris. Wanunuzi wengine si wa familia. Kanuni inasema sura ya mchezaji wa chuo haiwezi kutumika kuuza kitu chochote. Mchezaji akijua na akaruhusu, anasimamishwa.

"Bidhaa," Verna akasema. "Ile ni fulana ya kumzikia mama yangu, bwana."

"Naelewa, mama. Kanuni haitofautishi."

"Na ule ukuta wenu unauza nini?" nikamuuliza.

"Ukuta upi?"

"Ule wenye mpwa wangu. Ukisimama pale chini unafika kwenye kiatu chake. Unauza nini ule, unauza nyanya?"

"Ule ni wa chuo, Bwana Narcisse."

"Ukuta ni wa chuo. Na sura?"

Akanywa chai. Shemasi Hollis akaona aokoe jahazi, kumbe anatoboa.

"Clovis, na wewe usizidishe. Kijana anasoma bure pale. Watoto wangapi wa mtaa huu wamesoma bure? Ukianza kuwapa hawa watoto pesa, hakuna tena mchezo wa kupigania heshima ya chuo. Itakuwa soko tu."

"Soko lipo, shemasi. Wewe mwenyewe una jezi mbili. Ulipewa kwa maombi?"

"Nilinunua kwa kuipenda timu."

"Na hela ikaenda kwa nani?"

"Kwa chuo, ndiyo. Na chuo kimemlea."

"Kimemlea," nikasema. "Bibi aliyemlea tunamzika kesho, tena kwa kuchangishana. Wewe shemasi ni wa kuambiwa punda afe mzigo ufike, ukasema amina."

"Punda umemtaja wewe, mimi nimesema mwanafunzi."

"Basi wote wawili nyamazeni," Verna akasema, wala hakuinua sauti. "Bwana huyu hakuja kuhojiwa. Sema, bwana. Unataka nini ili mwanangu acheze?"

Hapo ndipo nilipojua kwamba Verna ameshalielewa jambo lote, na mimi bado nilikuwa nikichezea maneno.

Bwana Pruitt akaweka uma chini. Nakiri kwamba hakufurahia kazi yake. Nimekutana na watu wabaya kuliko yeye na walikuwa na vyeo vya chini kuliko chake. Lakini mtu asiyefurahia kukukaba bado amekukaba.

"Kuna swali moja muhimu," akasema. "Picha ilitoka kwa nani?"

Nikaangalia sahani yangu. Shantrice akaangalia dirisha. Javaris akafungua kinywa, na nilimwona jinsi alivyokuwa anakwenda kusema kweli, kwa sababu alilelewa na mwanamke wa glavu nyeupe ambaye hakuvumilia uongo hata wa kusingizia foleni ya magari.

"Mimi," Verna akasema. "Niliitoa kwenye simu yake amelala."

"Mama," Javaris akasema.

"Nyamaza. Wakubwa wanaongea."

"Mama, lakini si..."

"Javaris. Nimesema wakubwa wanaongea."

Kijana anayewabeba mabeki wawili mgongoni akanyamaza. Bwana Pruitt akamgeukia, na sauti yake ikawa laini zaidi, ile laini ya daktari wa meno.

"Kwa hiyo hukujua kuhusu fulana hizi? Hukutoa ruhusa?"

Javaris akamtazama mama yake. Verna alikuwa anapanga leso mezani, anazikunja pembe kwa pembe. Aliingia nyumba ile akiwa mama wa mchezaji, sasa alikuwa akijipaka wizi mbele ya mgeni ndani ya nyumba yake mwenyewe, na hakutaka hata kutazamwa akifanya hivyo.

"Sikujua," Javaris akasema.

"Vizuri," Bwana Pruitt akasema, na nadhani lile neno lilimtoka tu.

Yaliyobaki yalikwenda haraka. Wanunuzi wa nje ya familia warudishiwe pesa zao. Shantrice aondoe picha mtandaoni. Na kesho msibani wasionekane watu na fulana zile, kwa sababu wapiga picha wa magazeti watakuja. Mchezaji anamzika bibi yake leo na kesho yake anacheza, hiyo ni habari. Picha moja tu ikitoka, na chama kinachoongoza michezo ya vyuo kikaiona, yeye Pruitt hatakuwa na uwezo tena.

"Watu wavae nini?" Verna akauliza.

"Nguo zao za kawaida."

"Bwana," Shantrice akasema, "kwetu ukienda kwenye mazishi na nguo ya kawaida, maana yake ulikuwa na deni na marehemu. Na fulana tupu zimeniishia. Hata nikichapa mpaka mashine ishike moto, kufika kesho asubuhi siwezi."

Bwana Pruitt akafikiri. Alifikiri kweli, alitaka kutusaidia, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. "Kama uso wa Javaris na namba yake havionekani," akasema, "kama vimefunikwa kwa namna fulani, naweza kulitetea."

"Kalamu nene nyeusi," Shantrice akasema polepole, kwa sauti ya mtu anayetamani angekuwa hajasema.

Basi Ijumaa asubuhi tukakusanyika katika ukumbi wa kanisa, kabla ya kuingia ndani. Watu walikuja na fulana zao, wengine wamezivaa juu ya mashati na tai, akina mama wamezivaa juu ya magauni yao meusi. Ukiingia ukumbini ulimwona Mama kila upande unaogeuka, anacheka. Kwa muda kidogo nilisahau yote. Nilisimama mlangoni nikajiona nimezungukwa na mama yangu, nikalia kwa raha kabisa.

Kisha Shantrice akapanda kwenye kiti akaeleza. Minong'ono ikaanza, ikageuka makelele.

"Nani amesema?" akauliza binamu yangu Alcide, aliyekuwa ameendesha gari kutoka Houston. "Yule pale mwenye kikombe? Yule ndiye amesema?"

Bwana Pruitt alikuwa amesimama karibu na meza ya kahawa. Akainamisha kichwa kidogo.

"Alcide, tulia," Shantrice akasema.

"Sitaki kutulia. Nimetoka usiku nimzike shangazi yangu. Shantrice, ukinigusa na hiyo kalamu leo makaburi yatakuwa mawili."

"Usinitishe, Alcide. Hata mimi mikono yangu haitaki."

"Basi iache isitake."

Hakuna aliyekubali kuchorwa. Shangazi mmoja akajifunika kifua kwa mkoba wake. Mimi nilifunga vifungo vyote vya koti, nikasimama na mikono mifukoni, na nilikuwa nimeapa moyoni kwamba atakayenikaribia nitamsukuma, awe shemasi, awe mchungaji. Nje wapiga picha walishafika, tuliwaona kupitia kioo. Bwana Pruitt akatazama saa yake, akaificha haraka, akijua ametazama saa msibani.

Javaris alikuwa amekaa pembeni peke yake. Yeye hakuwa na fulana, alivaa suti nyeusi iliyombana mabega. Akainuka. Akaenda kwa Shantrice, akaichukua kalamu mkononi mwake, akaitoa kifuniko kwa meno.

Alianza na Alcide. "Mjomba Alcide, samahani," akasema, na Alcide, mtu wa matusi yote yale, akasimama kama mtoto anayepimwa nguo. Javaris akapaka uso wake mwenyewe kwenye kifua cha Alcide. Akapaka na namba tisa. Alikuwa anapaka taratibu, anafuata ukingo, asimguse Mama. Ukumbi mzima tuliisikia kalamu ikikwaruza kitambaa.

Akaenda kwa mwingine, na kwa mwingine. Kila alipofika alisema samahani na kutaja undugu wao: shangazi, samahani, mjomba Ray, samahani, mama mchungaji, samahani. Kila alipotoka alimwacha Mama anacheka na kitu cheusi chenye umbo la mtu. Watoto wadogo walimwuliza kwa nini anajifuta. Wazazi wao wakawavuta nyuma. Shemasi Hollis alipofikiwa alikuwa analia waziwazi, kamasi na machozi, na nilitaka kumwambia, hii ndiyo heshima ya chuo uliyoilinda, shemasi, ishike vizuri. Sikumwambia. Ningemwambia nini mtu aliyeinua kidevu mwenyewe ili kijana apate nafasi ya kupaka?

Akaja kwangu.

"Mjomba," akasema. "Fungua koti."

"Niache mimi. Nitakaa na koti mpaka jioni."

"Mjomba, utatoa jasho utalifungua. Nakujua."

Nilifungua. Nilitazama dari mpaka alipomaliza. Harufu ya wino ilinikaa puani siku nzima, na mpaka leo mtu akifungua kalamu ya aina ile karibu yangu, naondoka.

Mwisho akafika kwa mama yake. Verna alikuwa amekaa karibu na mlango wa kuingilia kanisani, mikono mapajani, mgongo wima. Javaris akapiga goti mbele yake. Akaitazama ile picha, akaitazama sana, na mkono wenye kalamu ukabaki chini. Kote ukumbini nyuso zake zilikuwa zimekwisha. Ulibaki mmoja huo.

Kwaya ndani ilishaanza kuimba. Mchungaji akachungulia, akarudi.

Verna akashika pindo la fulana yake kwa mikono miwili, akalivuta chini mpaka kitambaa kikanyooka.

"Anza na namba," akasema.

Akapaka namba. Akapanda kwenye kidevu, kwenye mdomo, kwenye macho. Alipofika begani kalamu ikateleza, wino ukaingia kwenye glavu nyeupe ya Mama.

"Nimemchafua Bibi," akasema.

Verna hakuitazama glavu. Aliinamisha kichwa, akaikagua kazi ya mwanawe toka juu hadi chini, na fulana bado ameivuta.

"Sikio bado linaonekana," akasema. "Malizia. Kesho una mechi."